SOMO LA MWEZI: MTOTO AKIKAMATWA, UMRI WAKE NI NGAO YAKE



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mshahara, saa za kazi na ajali kazini. Leo tunaingia nyumbani. Tunataka kujifunza jambo moja tu: mtoto wa mfanyakazi akikamatwa na polisi, sheria ya Burundi inasema nini, na sisi wazazi na wanachama tufanye nini. Mimi nilisoma shule ya msingi tu. Mambo haya ya sheria nilifafanuliwa na watu wanaoyajua, nami nayaandika kwa maneno yetu ya kila siku. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Somo lisomwe polepole katika mkutano wa tawi, na mwisho mjibu maswali yaliyo chini.

1. KWA NINI CHAMA KISEME HABARI ZA WATOTO?

Najua mwenzetu mmoja atauliza: "Chama ni cha mishahara. Mtoto akiiba, hilo ni shauri la baba yake. Linatuhusu nini?"

Ndugu, tutazame maisha yetu hapa pwani ya ziwa, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Baba anakata mikungu ya michikichi na kulipwa kwa kipimo. Mama anachambua ngazi kwenye kinu cha mawese, au anaanika ndagala mchangani. Wote wawili hutoka nyumbani kabla ya jua. Mtoto ambaye hakwenda shule siku hiyo yuko njiani, yuko mwaloni, yuko chini ya michikichi ya watu. Mmoja anaokota ngazi zilizodondoka na kuziuza. Mwingine anangoja mitumbwi irudi apate ndagala mbili tatu, na taa au wavu ukipotea, yeye ndiye wa kwanza kushikwa. Hao si watoto wa matajiri. Ni watoto wetu.

Na mtoto akiingia kasho, hasara inarudi kwenye mshahara. Kasho ya polisi haipiki chakula. Familia ndiyo hupeleka. Mama anabeba sahani asubuhi na jioni. Kama analipwa kwa kipimo, siku hiyo hana malipo. Baba anaombwa pesa hapa na pale, anakwenda kukopa banki lamberi, na riba inakula mshahara wake miezi mingi. Tunapigania nyongeza ya mshahara mwaka mzima, kisha jambo la siku moja linaichukua yote. Kwa hiyo neno hili ni la chama.

2. KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, ni haki niseme kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja, mkata mikungu, alikuja kwangu jioni. Alisema mtoto wake wa kiume, wa miaka 14, amekamatwa na zamu wa shamba moja pamoja na vijana wawili wakubwa. Walikuwa na nusu gunia la ngazi. Zamu amewapeleka polisi, nao wamewekwa kasho. Baba alitaka ushauri: aende usiku ule ule, au angoje?

Mimi nilimwambia angoje. Nilisema, "Samaki mkunje angali mbichi. Mwache alale huko siku mbili, atatoka na adabu." Kesho yake ilikuwa siku ya kupima mikungu, na mwenzetu akikosa kuwapo angepoteza malipo ya wiki nzima. Ushauri wangu ulimfaa kwa sababu ulikuwa rahisi.

Siku ya tatu alikwenda, akakuta mambo yamekwisha pita. Mtoto yule ni mrefu, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito. Opeje alipomwuliza umri, mtoto alinyamaza kwa woga, na mmoja wa wale wakubwa akajibu kwamba wote ni rika moja. Ikaandikwa: miaka 18. Mtoto akatia kidole chini ya karatasi ya Kifaransa asiyoielewa. Baba akasema, "Huyu ana miaka 14." Akaulizwa, "Karatasi iko wapi?" Hakuwa na karatasi. Faili ilikwenda parke, mtoto akaifuata faili, na kutoka hapo akaingia gerezani pamoja na watu wazima.

Tulihangaika wiki saba. Mwishoni mama yake alikumbuka kisanduku cha bati chini ya kitanda. Ndani yake, imefungwa katika nailoni, ilikuwamo kadi ya chanjo ya mtoto, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa na mwuguzi. Mkuu wa shule naye akatoa barua kutoka daftari la wanafunzi. Wakili mmoja aliyekuwa amekuja gerezani kwa ajili ya watu wengine akakubali kuzipeleka karatasi zile mbele ya jaji. Jaji akasoma, akaona mtoto hajafika miaka 15, akamwachilia.

Karatasi iliyomtoa ilikuwa nyumbani siku zote.

Mtoto alitoka na upele mwili mzima, na kwa muda mrefu hakutaka kulala mlango ukiwa umefungwa. Mwaka wa shule ulimpita. Mama yake alikuwa amepoteza nafasi yake kwenye kinu. Baba hajanilaumu hata siku moja. Lakini mimi najua kwamba siku ile ya kwanza, kama tungekwenda na kadi ile, pengine angerudi nyumbani kabla ya usiku kuwa mkubwa. Kasho haikumkunja samaki. Ilimvunja.

3. SHERIA INAGAWA UMRI MAFUNGU MATATU

Sasa tuingie kwenye sheria. Shikeni namba mbili: 15 na 18.

Fungu la kwanza: mtoto ambaye hajatimiza miaka 15. Huyu sheria ya adhabu ya Burundi inasema hawezi kubeba hatia ya jinai. Haina maana kwamba alilofanya ni zuri. Maana yake ni kwamba hafungwi kwa ajili yake. Kinachoweza kudaiwa ni fidia ya hasara, na hiyo inawaangukia wazazi au walezi wake.

Fungu la pili: aliyetimiza miaka 15 lakini hajafika 18. Huyu anaweza kushitakiwa, lakini bado ni mtoto mbele ya sheria. Adhabu yake ni lazima ipunguzwe, haiwi sawa na ya mtu mzima. Kesi yake husikilizwa faragha, siyo mbele ya umati. Anastahili kuwa na mtu wa kumsaidia, wakili au mwingine anayefaa, tangu anapohojiwa mpaka hukumu.

Fungu la tatu: mwenye miaka 18 na zaidi. Huyo ni mtu mzima.

Tena jambo la kukumbuka: umri unaohesabiwa ni ule wa siku ya kosa, siyo wa siku ya hukumu. Kama kosa lilitendeka mtoto akiwa na miaka 14 na miezi 11, kesi ikachelewa mpaka akafika 16, yeye mbele ya sheria ni wa miaka 14.

Sheria hii haikuwa hivi zamani. Mpaka mwaka 2009 mpaka wa hatia ulikuwa miaka 13. Mwaka 2007 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto waliofungwa Burundi. Lilieleza kwamba mwishoni mwa 2006 magereza yetu yalikuwa na watoto zaidi ya 400 wa miaka 13 hadi 18, na kwamba nchi haikuwa na utaratibu wowote wa pekee wa kuwahukumu watoto. Ndipo sheria ya adhabu ya tarehe 22 Aprili 2009 ikapandisha umri kutoka 13 hadi 15. Sheria mpya ya adhabu ya Desemba 2017 haikuushusha. Nayo sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 2013, iliyopitiwa tena 2018, ikaweka sehemu maalum ya kesi za watoto.

Juu ya sheria hizo iko Katiba. Katiba yetu inasema mtoto asifungwe ila pale ambapo njia nyingine zote zimeshindikana, na akifungwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo. Inasema pia atengwe na wafungwa waliozidi miaka 16, na atunzwe kulingana na umri wake. Katiba hiyo hiyo imeingiza ndani yake Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha tarehe 20 Novemba 1989 na Burundi ikauridhia mwaka 1990. Kwa hiyo mzazi anayesema "mtoto wangu asilale na watu wazima" haombi huruma ya mtu. Anadai kilichomo katika sheria kubwa ya nchi.

Wenzetu wavuvi na wafanya biashara wanaovuka ziwa wajue jambo hili: umri wa hatia si sawa kila nchi. Kongo ni miaka 14. Rwanda ni 14. Uganda ni 12. Kenya ilikuwa miaka 8 mpaka sheria ya watoto ya mwaka 2022 ilipoupandisha hadi 12. Tanzania, sheria ya adhabu inaanzia miaka 10, na mtoto wa miaka 10 au 11 huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba aliweza kujua analolifanya ni baya. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto ilishauri mwaka 2019 kwamba nchi zisiende chini ya miaka 14. Kwa jambo hili Burundi imetangulia jirani zake. Lakini mtoto wa miaka 13 ambaye hapa Rumonge hawezi kuhukumiwa, akikamatwa Kigoma anaweza kupelekwa kortini. Baba anayemchukua mwanawe kwenye mtumbwi alifikirie hilo.

4. MFANO WA KIRUNDO, MWAKA 2019

Labda mtu atasema, "Hizo ni namba za vitabuni." Hapana. Tazameni jambo lililotokea kaskazini, Kirundo, mwezi wa Machi 2019, ambalo redio za nchi nyingi zililisema.

Wanafunzi saba, wasichana sita na mvulana mmoja, walikamatwa tarehe 12 Machi. Walidaiwa kuchorachora picha ya rais wa wakati ule katika vitabu vya shule. Mvulana alikuwa na miaka 13. Yeye aliachiliwa mara moja, kwa kuwa hajafika umri wa hatia. Wasichana watatu nao waliachiliwa. Wasichana watatu waliobaki, ambao walikuwa wametimiza miaka 15, walishitakiwa kwa kumtukana mkuu wa nchi, wakawekwa ndani. Watu wengi ndani na nje ya nchi walipaza sauti, na tarehe 22 Machi wasichana hao waliachiliwa kwa muda.

Mimi sisemi hapa juu ya kosa lenyewe. Nataka muone kazi ya umri. Jambo lilikuwa zito, mashitaka makubwa, lakini mvulana wa miaka 13 umri wake ulimtoa siku ile ile. Hii ndiyo ngao ninayoisema. Na ngao hii haifanyi kazi kama hakuna anayeweza kuionyesha.

5. NGAO HIYO NI KARATASI

Polisi hawezi kujua umri wa mtoto kwa kumwangalia. Mtoto aliyelelewa kwa kubeba mikungu anakuwa na mabega mapana. Mtoto wa njaa anaonekana mdogo. Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye karatasi.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa kutoka ofisi ya raia ya komine. Kumwandikisha mtoto mapema, mara anapozaliwa, hakuna malipo. Ukichelewa, njia inakuwa ndefu: mashahidi, safari nyingi, na pengine hukumu ya korti. Wengi wetu tuliwaandikisha wadogo baada ya mwaka 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yalipofanywa ya bure, kwa sababu kituo cha afya kilidai karatasi. Lakini wako watoto waliozaliwa njiani, ukimbizini Tanzania au katika safari za kurudi. Wako waliozaliwa kwa mke wa pili ambaye hakuandikishwa. Wako ambao nyumba zao zilimezwa na maji ya ziwa katika miaka hii ya mafuriko, na kisanduku kikaenda pamoja na nyumba. Hao ndio walio hatarini.

Kama cheti hakipo, tafuteni hizi: kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo kwa Wakristo, barua ya mkuu wa shule yenye umri ulioandikwa siku mtoto alipoanza, daftari la kituo cha afya alikozaliwa, karatasi ya familia kutoka kambi ya wakimbizi. Kila moja peke yake ni dhaifu kuliko cheti. Mbili au tatu zikisema mwaka mmoja, zina nguvu.

Toeni nakala. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu anayekaa mbali na ziwa.

6. HATUA KWA HATUA: MTOTO AMEKAMATWA

Hatua ya kwanza: nendeni siku ile ile. Msingoje asubuhi, msingoje siku ya malipo. Saa za kwanza ndizo umri unapoandikwa. Ukishaandikwa vibaya, kuufuta ni kazi ya majuma. Baba akiwa zamu ya usiku kiwandani, aende mama, shangazi, kaka mkubwa, au mwakilishi wa tawi. Muhimu ni kwamba mtu mzima anayemjua mtoto afike.

Hatua ya pili: bebeni karatasi za umri, mwonyesheni opeje, na mwombe aandike umri huo katika faili. Toeni nakala, siyo karatasi yenyewe. Semeni kwa heshima na bila kelele. "Afande, mtoto huyu ana miaka 14, karatasi hii hapa. Tunaomba iandikwe." Mtu anayepiga kelele anampa polisi sababu ya kuzungumza juu ya kelele badala ya umri.

Hatua ya tatu: ulizeni mambo matatu na kuyaweka akilini au kwenye daftari. Mtoto anashitakiwa kwa kosa gani? Aliingia kasho siku gani na saa ngapi? Jina la opeje mwenye faili ni nani? Kwa kawaida mtu hapaswi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya siku 7. Mwendesha mashitaka anaweza kuongeza, lakini isizidi siku 7 nyingine. Asiyejua siku ya kuingia hawezi kuhesabu siku ya kutoka.

Hatua ya nne: ombeni mtoto asilale chumba kimoja na watu wazima. Kama kituo hakina chumba kingine, ombeni akabidhiwe kwa mzazi, naye mzazi aahidi kumleta kila atakapoitwa.

Hatua ya tano: mtoto asitie kidole wala saini kwenye karatasi asiyoielewa. Aombe asomewe kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Ana haki ya kunyamaza mpaka mwenye kumsaidia afike. Wafundisheni watoto wenu maneno matatu wayajue kama jina lao: siku waliyozaliwa, mwaka waliozaliwa, na jina la mzazi. Mtoto wa rafiki yangu angelijua mwaka wake na kuusema kwa sauti, huenda hadithi yake ingekuwa nyingine.

Hatua ya sita: mkiombwa pesa, ombeni risiti. Malipo ya serikali yana risiti. Yasiyo na risiti hayamwondolei mtoto shitaka. Leo anatoka, kesho anarudishwa na mnalipa tena.

Hatua ya saba: kama siku zimepita, au umri umekataliwa, pandeni juu. Yuko mwendesha mashitaka katika parke. Iko Tume ya taifa ya haki za binadamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo kazi yake ni pamoja na kutembelea mahali watu walipofungwa na kupokea malalamiko. Wako mawakili wanaosaidia watoto bila malipo kupitia mashirika. Mwaka 2025 mikoa ilibadilishwa, na Rumonge iliyokuwa mkoa tangu 2015 sasa ni komine katika mkoa wa Burunga. Ofisi zinaweza kuhama. Sheria ya umri haikuhama.

7. KITUO CHA RUMONGE

Watu wengi wa hapa wanapita karibu nacho na hawajui ni cha nini. Tangu mwaka 2015 kiko hapa Rumonge kituo cha kuwarekebisha watoto waliogongana na sheria. Kingine cha namna hiyo kiko Ruyigi. Wasichana wana mahali pao Ngozi. Nia ya vituo hivi ni kumtenga mtoto na watu wazima, asome, ajifunze ufundi, na kutayarishwa kurudi nyumbani.

Ni hatua kubwa. Magereza ya Burundi yalijengwa kwa ajili ya watu kama 4,200, na kwa miaka mingi yamekuwa na watu wengi kuliko hao. Gereza la Gitega lilipoungua usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 2021, lilikuwa na wafungwa zaidi ya 1,500 mahali palipopaswa kukaa 400, na serikali ilitangaza kwamba watu 38 walikufa. Katika msongamano wa namna ile mtoto hajifunzi adabu. Anajifunza kutoka kwa wezi wakubwa, na mengine mabaya kuliko wizi.

Lakini, ndugu, tusidanganyike na neno kituo. Kufungiwa ni kufungiwa. Na mtoto anayefungwa mbali na kwao ana shida moja kubwa: hatembelewi. Wazazi huona aibu, au hawana nauli, au huogopa. Mtoto asiyetembelewa huona amekufa kwa watu wake, na siku akitoka hana pa kurudi isipokuwa kwa wale aliofungwa nao. Kama mwana wa jirani yako yuko pale na wewe unapita kila siku ukienda kazini, simama umsalimie kwa ruhusa ya walinzi. Mpelekee sabuni. Hilo halihitaji sheria yoyote.

8. NA YULE ALIYEIBIWA?

Hapa wenzetu wengi hukasirika, nami nawaelewa. Aliyepoteza wavu amepoteza chakula cha nyumba yake. Mwenye michikichi kumi tu si tajiri. Je, haki ya mtoto inamfuta yeye?

Hapana. Mtoto wa chini ya miaka 15 hafungwi, lakini hasara inalipwa. Jambo dogo, kama ngazi au ndagala, linaweza kumalizwa mbele ya bashingantahe na wakubwa wa mtaa: mtoto anakiri, anaomba radhi, mzazi analipa kidogo kidogo, au mtoto anafanya kazi ndogo ya kurekebisha alichoharibu baada ya saa za shule. Mwenye mali anapata kitu. Mtoto akikaa kasho, mwenye mali hapati hata ngazi moja.

Lakini yako mambo yasiyomalizwa kwa mazungumzo ya wazee. Msichana akinajisiwa, mtu akijeruhiwa vibaya au kuuawa, lipelekwe mbele ya sheria hata kama aliyetenda ni mtoto wetu. Kulipa mbuzi na kunyamaza ni kumdhulumu aliyeumizwa. Hata hapo, kijana wa miaka 16 atahukumiwa kama kijana, kwa faragha, akiwa na wa kumsaidia. Haki ya mmoja haiondoi haki ya mwingine.

Na kuna wale wanaotaka kumpiga mtoto mwizi mpaka azimie, au kumchoma. Hilo ni kosa kubwa la jinai, na anayelitenda ni mtu mzima ambaye hatakuwa na umri wa kumlinda.

9. KAZI YA TAWI

Tawi lisiishie kusoma somo hili na kwenda nyumbani. Linaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, lihesabu watoto wa wanachama wasio na cheti, na lichague siku moja wazazi wote waende komine pamoja. Mtu mmoja akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Watu thelathini wakienda pamoja husikilizwa.

Pili, lichague wanachama wawili, mume na mke, wa kuitwa mtoto anapokamatwa. Wawe watu wapole, wanaojua kuandika, na simu zao zijulikane na wote.

Tatu, lizungumze na wakuu wa mashamba na viwanda juu ya mazamu wao. Zamu akimshika mtoto na ngazi kumi, amwite mzazi kwanza. Na mfanyakazi anayeitwa polisi kwa ajili ya mtoto wake asihesabiwe kuwa mtoro. Hilo tuliweke katika madai yetu kama tunavyoweka gumbuti na viatu.

Nne, lipinge kazi ya watoto. Burundi iliridhia mwaka 2000 mkataba wa kazi wa kimataifa namba 138 na kuweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Mtoto wa miaka 11 aliyeachishwa shule abebe mikungu, au apakie ndagala usiku, yuko karibu sana na kasho. Na mwenye kumwajiri analipa nusu ya mshahara wako wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto wa miaka 14 na kijana wa miaka 16 wamekamatwa kwa kosa moja. Sheria inawatofautisha namna gani?
2. Katika nyumba yako, karatasi ya umri wa kila mtoto iko wapi sasa hivi? Nani mwingine anajua mahali hapo?
3. Mtoto alitenda kosa akiwa na miaka 14, kesi imefika akiwa na 15. Ni umri upi unaohesabiwa?
4. Mwenzako anakuambia, "Mwache mtoto alale kasho ajifunze." Utamjibu nini?
5. Ni wanachama gani wawili wa tawi lenu wanaofaa kuitwa usiku?

Ndugu zangu, swali la nne mimi nilishindwa kulijibu vizuri siku lilipokuja mlangoni kwangu, na mtoto wa mtu alilipa wiki saba kwa ajili ya jibu langu. Ninyi mnalo jibu sasa. Leo jioni mkifika nyumbani, kabla ya kula, fungueni kisanduku, tazameni karatasi.

Umoja ni nguvu.